Nani Atamlinda Mzazi Tukiwa Kazini?



Katika mikutano ya matawi tunasema sana juu ya mishahara, nyumba na malipo ya uzeeni. Yafaa tuseme pia juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalificha, nalo ni wazazi walioshikwa na ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimensia.

Ugonjwa huu si uchawi, wala si laana. Ni maradhi ya ubongo. Aina iliyo nyingi zaidi yaitwa kwa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Mpaka leo hakuna dawa ya kuiponya. Mgonjwa huacha moto ukiwaka jikoni, hutoka usiku akitafuta nyumba iliyobomoka zamani. Basi lazima awe na mtu karibu mchana na usiku.

Mtu huyo ni nani? Sisi tuko kwenye shifti, mbali na nyumbani. Kazi yote humwangukia mke au dada mmoja. Tunapeleka pesa kwa simu na kudhani tumemaliza. Dada halali, shamba laota magugu, mwisho yeye naye huugua.

Wengine husema mzee apelekwe nyumba ya wazee. Wengine hujibu kwamba hiyo ni aibu. Nyumba hizo katika Kenya ni chache, nyingine ni za makanisa, na za kulipia zashinda mshahara wetu. Twaona kumpeleka mzazi huko si kumtupa, ikiwa nyumbani hapana usalama tena, na ikiwa tutaendelea kumzuru. Lakini asipelekwe kwa sababu tu mlinzi wake amechoka na hakuna aliyempokea zamu. Hapana treni inayoendeshwa siku tatu na dereva mmoja. Mbona twataka dada yetu alinde miaka mitano peke yake?

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Lakini Sheria ya Kazi ya 2007 yataja livu ya mwaka siku 21, ya uzazi miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Livu ya kumtunza mzazi haimo. Na shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii hazitoshi kumlipa msaidizi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, katika mapatano yajayo Chama kidai livu yenye mshahara kwa mwenye mzazi asiyejiweza. Pili, mfanya kazi huyo aruhusiwe kubadilishana shifti. Tatu, kila tawi liwe na mfuko mdogo wa kumlipa mtu wa kumpokea mlinzi, hata siku moja kwa wiki.

Mazishi tunayachangia bila kusukumwa. Mchango kama huo mzazi auhitaji angali hai. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wajumbe, lipelekeni jambo hili kwenye mkutano ujao wa tawi, lijadiliwe na kupigiwa kura.