Kutengeneza vyombo nyumbani kusizuiwe, kufundishwe

Napenda kusema machache juu ya jambo lililozua ubishi mkubwa kijijini kwetu, ambalo naamini linavihusu vijiji vingi vya nchi hii. Jambo lenyewe ni desturi ya wenye magari na pikipiki kukutana na kutengeneza vyombo vyao wenyewe nyumbani, kufundishana, na mara nyingine kuvibadili kufuatana na mahitaji yao.

Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha katika tamasha kubwa la magari hayo. Wengi wetu tuliziona picha: magari kwa mamia, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, yamepigwa rangi na yanakwenda. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini swali moja halikuulizwa sana: gari la umri huo limefikaje leo likiwa zima? Jibu ni kwamba limefikishwa na mikono ya watu waliojifunza kulifungua na kulifunga uani kwao, chini ya mwembe, wakiwa na spana chache na subira nyingi. Watu hao wamejaa vijijini, na hakuna anayewapiga picha.

Mimi niliingia katika mambo haya kwa kuumizwa mfukoni. Mwaka 2019 nilinunua pikipiki iliyokwisha kutumika, kwa kuwa toka shuleni hadi mjini ni mbali na usafiri ni wa shida. Baada ya kiangazi kimoja ikaanza kutoa moshi mweusi, kukosa nguvu mlimani na kunywa petroli kupita kiasi. Nikaipeleka gereji moja ya mjini. Nikaambiwa injini imekwisha, zinahitajika pistoni na ringi mpya. Nikalipa shilingi 180,000. Vifaa vya zamani sikuoneshwa, nami kwa ujinga wangu sikuviuliza. Wiki mbili baadaye moshi ukarudi kama ulivyokuwa.

Kijijini kwetu yupo mzee mmoja, dereva mstaafu, mwenye Land Rover ndefu ya zamani. Aliponiona naisukuma pikipiki aliniambia, "Mwalimu, hebu lete hiyo hapa." Alifungua kifuniko cha pembeni, akatoa sifongo ya kuchujia hewa. Ilikuwa imejaa vumbi kama unga wa dona. Akaniagiza niifue kwa maji na sabuni, niikaushe kivulini, niipake oili kidogo na kuikamua. Kisha akaifungua plagi na kunionesha masizi meusi kichwani mwake. "Plagi inasema," alisema. "Ikiwa ya rangi ya kahawia, moto unawaka vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu namna hii, petroli ni nyingi na hewa ni haba. Injini yako ilikuwa imezibwa pua." Siku ile nilitumia kipande cha sabuni tu, na pikipiki ikapona.

Tangu hapo tukaanza kukutana uani kwake kila Jumamosi baada ya kazi za shamba. Tulianza watu watatu, tukafika kumi na wanane. Alikuwapo mwenye pikapu ya kubebea vitunguu, vijana wa bodaboda, fundi baiskeli na mwalimu mwenzangu. Kila mmoja alileta ugonjwa wa chombo chake, na aliyewahi kuupata ugonjwa huo alieleza alivyoutibu. Mimi nikawa mwandishi. Daftari langu hivi sasa ni la tatu.

Ndugu Mhariri, yaliyomo katika daftari hilo si mambo makubwa, lakini yameokoa fedha nyingi za watu maskini. Kwamba oili ipimwe chombo kikiwa kimesimama mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Kwamba mnyororo wa pikipiki zetu za kawaida uwe na ulegevu wa sentimeta 2 hadi 3. Ukikazwa mno unakula meno yake na beringi, ukilegea mno unaruka. Kwamba kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Kwamba anapoondoa betri mtu aanze na waya wa hasi, asije akagusisha spana kwenye bodi na kulipua cheche. Kwamba mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, bali aweke magogo imara, kwa kuwa jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuaminia roho. Na oili chafu isimwagwe. Mwanzo tulikuwa tukiimwaga kwenye mfereji unaoteremka kisimani, mpaka akina mama walipotushtaki, na walikuwa na haki. Sasa inawekwa katika madumu yenye vifuniko.

Hayo yote ni matengenezo. Balaa lilikuja na mabadiliko.

Vijana wa bodaboda wanalipwa kwa mzigo. Anayebeba magunia mawili anapata mara mbili ya anayebeba moja. Basi kijana mmoja, hodari na mwenye akili, alibuni keria ndefu ya vyuma, iliyotokeza nyuma kupita kabisa gurudumu la nyuma. Akaongeza na springi za pili ili pikipiki isikae chini. Jumamosi ile tulimzunguka na kumpigia makofi. Jua lilikuwa limekuchwa, mimi ndiye niliyemshikia tochi wakati anakaza nati za mwisho. Nikasema mbele ya watu wote kwamba huu ndio ubunifu tunaouhitaji.

Alhamisi ya wiki ile ile nilikuwa nimefundisha nyenzo darasa la sita. Nilichora ubaoni egemeo, mzigo na jitihada. Niliwaambia watoto wangu kwamba mzigo ukisogezwa mbali na egemeo unaongezeka nguvu ya kuinua upande wa pili, kama kwenye pembea. Siku mbili baadaye nikaitazama pikipiki ambayo egemeo lake ni gurudumu la nyuma, mzigo wake umepelekwa nyuma ya egemeo, na upande wa pili ni gurudumu la mbele linaloshika njia. Nilikitazama kile nilichokifundisha, na sikukiona.

Wiki ya tatu kijana yule alipanda kilima akiwa na magunia mawili ya mahindi, na mbele yake, juu ya tangi, amempakia mwanafunzi wangu mmoja aliyeomba lifti. Katikati ya kilima gurudumu la mbele likawa jepesi, likanyanyuka, usukani ukakosa kazi. Pikipiki ikalala na kuteremka kinyumenyume. Dereva alichubuka. Mtoto alivunjika mguu, akakosa masomo muhula mzima. Nilipomtembelea nyumbani, mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, si mlikuwa wote pale kwa mzee?" Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sinalo.

Kwenye mkutano wa kijiji likatolewa pendekezo kwamba mikutano yetu ya Jumamosi ipigwe marufuku, na kila mwenye chombo akipeleke kwa fundi wa mjini. Waliounga mkono walikuwa na sababu, na nisingependa kuwabeza. Walisema sisi si mafundi, na kwamba mchezo wetu umemvunja mtoto. Vijana nao wakasema wanaonewa, kwa kuwa bila kubeba mzigo mkubwa hawawezi kurejesha fedha ya mwenye pikipiki. Suala hilo halijakatwa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Maoni yangu ni kwamba kupiga marufuku hakutasaidia. Fundi wa mjini ni huyo huyo aliyeniuzia pistoni badala ya kufua sifongo. Mwananchi asiyekijua chombo chake hawezi hata kutambua kama ametendewa haki. Tena marufuku haiondoi keria ndefu. Itazipeleka zikachomelewe usiku vichochoroni, ambako hakuna mzee wa kuuliza wala mwalimu wa kuandika.

Lakini pia siwaungi mkono wanaosema kila mtu afanye apendavyo na chombo chake. Barabara ni ya wote. Ni lazima tutofautishe kutengeneza na kubadili. Anayetengeneza anakirudisha chombo katika hali aliyoikusudia mwenye kiwanda. Anayebadili anajifanya yeye ndiye mwenye kiwanda, na hivyo anabeba wajibu wa kiwanda.

Mzee wetu alitupa somo hilo kwa gari lake mwenyewe, ila hatukumsikiliza. Land Rover yake ilikuwa na injini ya petroli ya sentimeta za ujazo 2,286, akaitoa na kutia ya dizeli kutoka gari jingine, kama walivyofanya wengi. Lakini kabla ya kuitia alitengeneza upya breki zote nne, akabadili mipira na mabomba ya mafuta ya breki, na mpaka leo haliendeshi kwa kasi kuliko zamani. Kauli yake ni hii: "Ukiongeza nguvu ya kwenda, ongeza kwanza nguvu ya kusimama." Vijana waliona injini ngeni, wakasema mzee amebadili, nasi tubadili. Kazi ya breki hawakuiona, maana ilifanyika chini ya gari.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo.

Kwanza, vikundi kama chetu vijiwekee sheria. Breki, usukani pamoja na uma wa mbele, na fremu yenyewe visiguswe kwa mabadiliko bila fundi aliyesomea kazi hiyo kukagua. Mzigo usipite nyuma ya gurudumu la nyuma. Bomba la moshi lisitobolewe kwa ajili ya kelele, na taa zisiwekwe za kuwapofusha wanaokuja mbele. Sisi tumekwisha kuyaandika haya na kila mmoja ametia sahihi, akiwamo kijana yule. Keria yake aliikata mwenyewe mbele yetu.

Pili, naiomba VETA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi stadi, iangalie uwezekano wa kutuma wakufunzi wake vijijini hata mara moja kwa miezi mitatu. Hatuombi majengo. Tunaomba mtu anayejua, akae nasi siku moja chini ya mwembe na kutuambia lipi ni salama na lipi ni kifo. Mafundi wetu wengi wamejifunza kwa kutazama; wapatiwe pia nafasi ya kupimwa na kutambuliwa ujuzi wao.

Tatu, wanaoingiza pikipiki nchini watoe kitabu cha maelekezo kwa Kiswahili. Cha pikipiki yangu kilikuwa cha Kiingereza, na uzito unaoruhusiwa umeandikwa humo humo. Kijana aliyeishia darasa la saba atausomaje? Lugha ya Taifa tunayo. Si haki mtu auziwe chombo kinachoweza kumuua kwa lugha asiyoielewa.

Nne, sisi walimu tusijitoe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isijitenge na maisha ya watu wanaoizunguka. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo nalo limeweka mkondo wa amali katika sekondari. Lakini hakuna mtaala utakaotusaidia ikiwa mwalimu mwenyewe anafundisha nyenzo Alhamisi na kuzisahau Jumamosi. Siku hizi nikifundisha somo hilo natoka na darasa zima hadi uani kwa mzee, tunainua pikipiki kwa kuweka matofali kwenye keria, tofali moja moja, mpaka gurudumu la mbele liache ardhi. Watoto huhesabu kwa sauti. Yule aliyevunjika mguu ndiye aliyeomba kuweka tofali la mwisho.

Ndugu Mhariri, nchi yetu ina vyombo vingi vilivyozeeka na mafundi wachache waliosoma. Kati ya hivyo viwili wapo wananchi wenye spana mkononi na nia njema. Tukiwafukuza tutapoteza maarifa mengi, na tukiwaacha bila mwongozo tutapoteza watu. Nawaomba viongozi wa vijiji wenye ubishi kama wetu, kabla ya kupiga kura ya marufuku, waulize kwanza ni nani aliyewahi kuwafundisha hao wanaotaka kuwazuia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kilosa, Morogoro.