Nivo ambayo watoto wa Goma bado hawajaicheza

Ukiingia katika chumba cha michezo ya video huko Majengo, Katindo au Ndosho, ukauliza ni nivo gani mtu hawezi kuisahau, jibu halichelewi: ile ya treni. Ni misioni ya Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo uliotoka mwaka 2004, ambamo CJ anaendesha pikipiki kando ya reli, mwenzake mnene Big Smoke amekaa nyuma na bunduki, na maadui wamesimama juu ya mabehewa. Pikipiki ikigonga kitu au ikibaki nyuma kidogo tu, treni inajiendea na kila kitu kinaanza upya. Kuna vijana leo ni baba za watoto ambao bado wanaitaja misioni hiyo kwa hasira.

Kinachochekesha ni kwamba Goma haina reli. Wengi wanaoilaani treni ile hawajaona treni hata moja kwa macho yao. Ila pikipiki wanaijua. Motari anayepita kila siku kati ya lori la makala na chukudu, juu ya mawe ya volkano, na abiria wawili nyuma, anaielewa nivo hiyo kuliko mtoto wa Los Angeles ambaye mchezo ulitengenezwa kwa kuiga mji wake.

Vyumba hivyo vina sheria zake. Anayefungwa anaachia maneti. Anayelipa kwa dakika anaangalia saa ya mwenye chumba, si ya kwake. Umeme ukikatika, wote wanapiga kelele, kisha wanasubiri mwenye chumba awashe grupu au wanaenda nyumbani. Mchezo unaotawala ni mpira wa miguu, na mpira hauna nivo: mechi inaisha, nyingine inaanza. Hadithi ndefu zina wapenzi wake, lakini zinahitaji kadi ya kumbukumbu ili mchezaji aendelee pale alipoachia, na kadi hiyo mara nyingi haipo, imeibwa, au mwingine ameandika juu ya kazi ya mwenzake. Ndiyo maana Goma ina watu wengi wanaojua mwanzo wa michezo mingi kwa moyo, kila kona na kila adui, na hawajawahi kuuona mwisho wa hata mmoja. Wamecheza nivo ya kwanza mara mia.

Hiyo si hasara tupu. Nivo ya kwanza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa anayetengeneza mchezo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ndiyo mfano unaotolewa daima, na unastahili. Shigeru Miyamoto na wenzake wa Nintendo hawakuandika maelezo yoyote kwenye kioo. Mario anasimama kushoto, upande wa kulia uko wazi, kwa hiyo mtoto anaenda kulia. Kidudu kinakuja kikitembea taratibu. Akikigusa anakufa, akikiruka anapona, akikiangukia kichwani kinakufa chenyewe. Katika sekunde chache mtoto asiyejua kusoma amefundishwa kanuni tatu, na hakuna aliyemwambia neno.

Nivo ya nne ya mchezo uleule ni ngome. Chini kuna lava, juu kuna daraja, na Bowser anangoja mwishoni. Tangu wakati huo lava imekuwa kitu cha kawaida katika michezo ya video: ukiigusa umekwisha. Mtoto wa Osaka au wa Paris anaikubali kanuni hiyo bila swali. Mtoto wa Goma ana la kusema. Anajua kutoka kwa bibi yake kwamba lava ya Nyiragongo mwaka 1977 ilishuka kwa kasi ya gari, ziwa la lava likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Anajua pia kwamba ile ya Januari 17, 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani, lakini wengi waliweza kutembea mbele yake wakiwa na godoro kichwani. Watu wapata 120,000 walibaki bila makao. Kisha lava ikapoa, watu wakarudi na kujenga juu yake. Mawe yake ndiyo kuta za viwanja, ndiyo misingi ya nyumba. Katika mji huu lava ni ardhi, na mchezo wa Mario haujui hilo.

Si kosa la Mario. Lakini swali la nani anatengeneza nivo, na kuhusu nchi ya nani, lina uzito zaidi pale michezo mikubwa inapokuja kweli Afrika Mashariki.

Imekuja mara kadhaa. Halo 2 ya mwaka 2004 inampeleka mchezaji katika Mombasa ya karne ya 26, yenye mnara unaofika angani. Halo 3 ya mwaka 2007 ina nivo inayoitwa Tsavo Highway, na nyingine inayopiganwa Voi. Mkenya anayesafiri kwa basi kati ya Nairobi na Mombasa anapita palepale. Ni nivo nzuri sana, hasa ile ya barabara ya Tsavo yenye upana na mwanga wake. Lakini wenyeji karibu hawaonekani. Mombasa imebaki majengo, na anayeiokoa anatoka kwingine.

Mwaka 2009 ikaja Resident Evil 5 ya kampuni ya Japani, Capcom. Humo jambo ni zito zaidi. Hadithi inafanyika Kijuju, mahali pa kubuni ambapo mchezo wenyewe unapaweka Afrika Magharibi. Wakaaji wake wameambukizwa wakawa wakali kama wanyama, wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili, Afrika Magharibi! Inaonekana hakuna aliyejisumbua kufungua ramani. Bado mwanzo wa mchezo huo una nivo moja ambayo ni vigumu kuikana: mkutano wa hadhara. Mzungu Chris Redfield na mwenzake Sheva Alomar wanachungulia kupitia dirisha, mtu mwenye kipaza sauti anachochea umati, halafu umati unageuka na kuwaona. Milango inavunjwa, kuta zinavunjwa, jitu lenye shoka kubwa linaingia, na hakuna pa kwenda mpaka helikopta ifike. Mikono inatoka jasho. Kwa ufundi ni nivo bora ya mchezo mzima.

Na hapo ndipo shida ilipo. Ingekuwa mbovu, ingesahaulika. Mtoto wa Goma anayeicheza anasikia lugha ya mama yake ikitoka katika vinywa vya watu ambao kazi yake ni kuwapiga risasi. Wengi wanacheka, kwa sababu ni ajabu kusikia Kiswahili kwenye televisheni ya mchezo. Kicheko hicho kinaeleweka. Kinaeleweka pia kwa sababu, katika michezo mingi mikubwa, hapakuwa na mahali pengine ambapo lugha hiyo ilimsemesha.

Mchezo mmoja ulifika karibu zaidi na Kivu, na ulikuwa mdogo sana. Unaitwa Phone Story, ulitengenezwa na Molleindustria, jina analolitumia mtengenezaji Mwitaliano Paolo Pedercini, ukatoka Septemba 2011. Nivo yake ya kwanza iko Kongo, katika machimbo ya koltani. Mchezaji hapewi nafasi ya mchimbaji. Anawaongoza walinzi wenye bunduki, na kazi yake ni kuwapigia kelele watoto waliochoka ili waendelee kuchimba. Akiwahurumia, anashindwa. Muda mfupi baada ya kutoka, Apple iliuondoa kwenye duka lake la programu. Nivo hiyo haifurahishi na haikukusudiwa kufurahisha. Inamshika mwenye simu mkono na kumwambia kidole chake kimegusa nini.

Mchezo huo unagusa ukweli ambao vijana wa Majengo wanaujua kwa nusu. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, hutoa tantali, na tantali huingia katika vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000 bei yake ilipanda mara kadhaa katika soko la dunia. Mwaka huohuo PlayStation 2 ilianza kuuzwa, ingawa simu na kompyuta nazo zilikuwa zikiitafuta. Mashine kuukuu inayofika Goma baada ya kuchezewa miaka mingi kwingine huenda inarudi karibu na udongo ilikotoka.

Haya yote si sababu ya kufunga vyumba vya michezo, kama wazazi wengine wanavyodai. Hoja yao ina haki upande mmoja. Mtoto anayetoroka shule na pesa ya mkate kwenda kubonyeza maneti anapoteza kitu ambacho hakirudi, na mwenye chumba anayemkubali akiwa na yunifomu saa nne asubuhi hana la kujitetea. Mchezo wa kuua watu mbele ya mtoto wa miaka saba, katika mji ambako risasi za kweli zimesikika mara nyingi kupita kiasi, ni jambo ambalo mtu mzima anapaswa kulizuia. Lakini chumba kile ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kijana wa Goma anakaa saa nzima akifikiri jinsi kitu kilivyotengenezwa. Anajua adui atatokea wapi, na anajua ni wapi waliotengeneza walimdanganya. Hiyo ni elimu ya ufundi, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Lual Mayen ni ushahidi. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Aliona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie moja kwa dola 300, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Alicheza Grand Theft Auto, sawa na vijana wa Majengo, kisha akajiuliza kwa nini mchezo usiwe juu ya kutafuta amani. Akatengeneza Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayehitaji maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards huko Marekani. Kambi yake haikuwa na umeme mwingi kuliko Goma.

Basi nivo ya Goma ingekuwaje? Wa kwanza angependa chukudu, bila shaka. Mti mzima uliochongwa, magurudumu mawili, mzigo wa makabichi au makala, na mteremko kutoka Kibumba hadi mjini. Breki ni kipande cha mpira wa gurudumu la nyuma kinachokanyagwa kwa mguu. Hakuna mtengenezaji wa michezo duniani ambaye angekataa kitu kama hicho.

Lakini nivo inayohitajika zaidi ni ya usiku wa Mei 22, 2021. Jumamosi jioni mbingu iligeuka nyekundu na mji mzima ukauliza swali moja: kwenda wapi? Wengine walikimbilia mpaka wa Gisenyi, wengine barabara ya Sake, wengine walibaki wakitazama. Lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na mji. Watu wasiopungua 30 walikufa, baadhi yao barabarani katika fujo ya kukimbia. UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao usiku ule. Siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, na mamia ya maelfu wakatembea tena. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kina rangi nne za tahadhari: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Hizo nazo ni nivo. Mwulize mtoto yeyote maana ya rangi ya machungwa, umsikie. Kisha mwulize njia ya kutoroka polisi katika mtaa wa CJ.

Mtoto aliyekwisha kuikimbia lava mara ishirini kwenye kioo, kutoka Majengo, kutoka Himbi, kutoka uwanja wa shule yake, akishindwa na kuanza upya, asingesimama njiani akilia usiku ule. Mguu wake ungeijua njia. Kazi hiyo haihitaji kampuni ya Japani. Inahitaji vijana wanne au watano wanaojua kompyuta, mtaalamu mmoja wa volkano mwenye subira, na simu za kawaida ambazo mji umejaa. Vyuo vikuu vya Goma vinafundisha kompyuta. Pesa ya kazi kama hiyo ni ndogo kuliko ile inayotumika katika semina moja ya hoteli juu ya kuzuia majanga, na semina ni nyingi.

Halafu kuna mazuku. Upande wa Kyeshero, Bulengo na kuelekea Sake, hewa nzito inatoka ardhini na kujaa mashimoni na mabondeni, hasa usiku na asubuhi kabla ya upepo na jua kuitawanya. Haionekani. Inaua mbuzi, inaua mbwa, inaua mtoto aliyetumwa kuchota maji, na wakimbizi wa vita walipiga mahema karibu na sehemu hizo bila kuambiwa. Anayetengeneza michezo angeliona mara moja: adui asiye na umbo, anayekaa chini, anayeogopa upepo. Hakuna maandishi yanayohitajika kwenye kioo. Ni asubuhi, mchezaji ana bidoni ya njano mkononi na njia mbili mbele yake. Ya mkato inateremka bondeni. Kule chini panya amelala chali, na hatua chache mbele yake mbuzi naye amelala.