Mtoto akitoka getini, anaelekea wapi?

Mzazi mwenzangu, malalamiko yetu siku hizi yanafanana. Mtoto hatoki ndani, ameng'ang'ania simu au katuni, ukimnyang'anya ananuna. Tunamlaumu mtoto, tunailaumu simu, wengine tunailaumu hata shule. Ni mara chache tunajiuliza: akiiacha hiyo simu na kutoka getini, anaelekea wapi?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili angalau dakika 60 kila siku. Wadogo wa mwaka 1 hadi 4 wanahitaji dakika 180 za kucheza na kukimbiakimbia. Saa tatu hizo huzipati kwenye korido ya nyumba yenye wapangaji sita, wala kwenye ua uliomwagiwa zege lote ili gari lipate kuegeshwa. Zinahitaji eneo la wazi, lenye kivuli, na njia salama ya kufika huko.

Wataalamu wa mipango miji hutenga maeneo ya wazi kwenye michoro yao tangu mtaa unapopimwa. Yanayofuata unayajua. Mwaka wa kwanza inajengwa fremu moja pembeni, wa pili inakuja gereji, wa tatu kuna baa na muziki mpaka usiku wa manane. Watoto wanahamia barabarani, wanapangua magoli ya mawe kila bodaboda inapopita.

Lakini hata pale kiwanja kinapobaki salama, peke yake hakitoshi. Kiwanja kilichozungukwa na barabara kubwa ni kama kisiwa: mtoto wa miaka tisa hawezi kukifikia bila mtu mzima. Ndiyo maana mipango mizuri ya miji husisitiza maeneo ya wazi yaungane: uwanja wa shule uungane na bustani ya mtaa, bustani na bonde la mto, bonde na ufukwe, kwa njia za miguu zenye miti. Njia hiyohiyo inayompitisha mtoto ndiyo inayopitisha maji ya mvua, upepo na ndege.

Hapo kwenye maji ndipo wakazi wa Dar es Salaam tuna somo letu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo, unateremka Jangwani na kuingia baharini kwenye mikoko karibu na daraja la Salenda. Mvua ikinyesha kwenye udongo wenye miti, sehemu kubwa inazama ardhini taratibu. Ikinyesha kwenye bati, lami na pevingi, yote inakimbilia mtaroni kwa wakati mmoja, na mtaro unaishia bondeni. Jiji hili lina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Piga hesabu ya mapaa.

Desemba 2011 tuliona matokeo yake. Mafuriko yaliua watu takribani 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini waliojenga kule hawakuwa wajinga. Walifuata kodi nafuu na ukaribu wa Kariakoo, mahali unapoweza kwenda kazini kwa miguu. Ukimwondoa mtu bondeni bila fidia ya haki na mahali pa kwenda, umehamisha tu tatizo.

Sasa kuna mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022. Unahusu fidia, daraja jipya la Jangwani, uhifadhi wa sehemu za juu za mto, na bustani kubwa ya jiji katika bonde la chini. Wazo ni kwamba mvua ikija maji yatandae bustanini badala ya kuingia vyumbani, na kiangazi watoto wacheze palepale.

Si ndoto. Singapore walikuwa na mfereji wa zege wa kilomita 2.7 uliokatiza pembeni mwa bustani ya Bishan. Waliuvunja, wakaurudishia umbo la mto wenye kona na majani, na mwaka 2012 bustani ikafunguliwa upya. Maji yakijaa, king'ora kinalia na watu wanatoka. Yakipungua, familia zinarudi kwenye nyasi. Bustani hiyo ni kipande kimoja tu cha mtandao wa njia za miguu na baiskeli unaounganisha bustani za nchi ile kwa zaidi ya kilomita 300.

Sisi tuna historia yetu pia. Mnazi Mmoja uliachwa wazi na wakoloni ili kutenganisha Uhindini na Kariakoo, watu wasichanganyike. Eneo lilelile leo linakutanisha kila mtu. Ardhi ya wazi inaweza kutenga au kuunganisha, inategemea aliyeipanga alikuwa anamfikiria nani.

Najua hofu yako: miti mingi ni kichaka, kichaka ni nyoka na wahuni. Ni hofu ya haki. Ila kinachotisha zaidi ni eneo lililotelekezwa. Njia yenye taa, miti iliyopogolewa matawi ya chini ili mtu aonekane, na akina mama wanaopita kwenda sokoni, inajilinda yenyewe. Na kwa sasa usimruhusu mtoto achezee maji ya Msimbazi. Yana majitaka.

Tufanye nini wakati tunasubiri miradi mikubwa? Kwanza, ulizia ofisi ya serikali ya mtaa au ya mipango miji ya manispaa ni maeneo gani ya mtaa wako yametengwa kuwa ya wazi kwenye mchoro. Kulitetea eneo kabla ya fremu ya kwanza ni rahisi kuliko baada ya ya kumi. Muende wazazi kadhaa, msimwachie mmoja aonekane mkorofi. Pili, kabla hujamwaga zege ua mzima, bakiza kipande cha udongo na upande mwarobaini au mkungu. Tatu, taka zisitupwe mtaroni mvua inaponyesha. Mtaro wako ni mto wa mwenzako wa chini.

Wikiendi hii, mshike mtoto mkono, mtembee kutoka getini mpaka eneo la wazi lililo karibu. Mwachie aongoze. Mhesabu pamoja barabara mlizovuka, mitaro isiyo na mfuniko, na miti iliyowapa kivuli. Yaandike hayo kwenye karatasi, kisha uende nayo mkutano ujao wa mtaa.