BOMBA LA SALFA SI LA WANAUME PEKE YAO

*TAMKO LA TAWI*



Msimu wa kupulizia mikorosho umewadia. Tunasema wazi: vifaa vingi vinavyoletwa Tunduru vimetengenezwa kwa kipimo cha mwanaume. Bomba la injini huzidi kilo 10 likiwa tupu, bado hujatia salfa na petroli. Mikanda yake ni ya mgongo mpana. Gambuti na glovu zinampwaya mama; barakoa isiyombana inapitisha salfa hadi kifuani. Tangazoni picha ni ya mwanaume, na dukani mama anaulizwa, "Mzee yuko wapi?"

Matokeo yake anakodi kijana na kusubiri zamu. Ubwiriunga hausubiri. Maua yakikauka, hasara ni ya nyumba nzima.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya wanaume. Mbona kwenye kupalilia na kuokota korosho hawasemi hivyo?

Tunataka:
1. AMCOS zisinunue bomba kabla akina mama hawajalibeba na kulijaribu.
2. Vifaa vya kujikinga viagizwe kwa saizi zote.

Tukalisemee hili kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, wanaume mkiwa mbele.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi, Tunduru*