Saa Nane ya Mjukuu

Mjukuu aliyezaliwa hapa Hayes, London, anasoma kibandiko cha dawa: saa 8 asubuhi. Anamwambia nyanyake, "Bibi, unywe saa nane." Bibi, aliyekulia Mombasa, anaingoja saa nane yake, adhuhuri imeshapita na wali umeshaliwa. Mtoto kasoma sawasawa, bibi kasikia sawasawa, na dawa ya tezi ya shingo, inayotakiwa kunywewa kabla ya kula chochote, imekuta tumbo limejaa.

Kosa hili nimeliona nyumbani kwetu, na ndilo lililonifanya niwatengee wazee toleo hili. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, za Waingereza usiku wa manane. Dawa ya presha huenda ikavumilia kuchelewa huko kwa saa 6. Insulini na dawa za Parkinson hazivumilii.

Uingereza mtu akifika miaka 60 halipii tena dawa alizoandikiwa, na hiyo ni neema. Lakini mifuko inajaa. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilieleza kwamba kati ya watu waliozidi miaka 65, takribani mmoja katika kila watano wanaolazwa hospitali amefikishwa huko na madhara ya dawa. Nikisoma takwimu hiyo naiona meza ya kila mzee ninayemtembelea: vidonge vya hospitali, vya kutuliza maumivu vilivyonunuliwa dukani, habasoda, na unga wa mlonge uliotoka Pwani ndani ya sanduku la mgeni. Vyote hivyo mfamasia anapaswa kuviona, na mlonge pia.

Tangu 2011 mfamasia ana huduma ya kumfuatilia, bila malipo, mgonjwa anayeanza dawa mpya ya presha, kisukari au pumu: huzungumza naye mwanzoni, halafu tena katika wiki zinazofuata. Wazee wetu hawaiombi. Wanaona kuuliza ni kumkosea adabu mtaalamu; daktari keshasema. Nawasihi watoto wao wawafundishe kuuliza, na kwa daktari wadai mkalimani mtu mzima, ambaye mgonjwa hamlipii. Mtoto wa miaka kumi asibebeshwe mzigo huo.

Nyumbani kwetu saa tumeiacha kabisa. Juu ya kila kopo tumeandika kwa kalamu nene: kabla ya chai, baada ya magharibi, wakati wa kulala.