Umenaswa Umelewa Kwa Usukani? Faini Ndiyo Shida Ndogo

Polisi wakiweka kizuizi cha Alcoblow wikendi, ushauri unaozunguka kwa magrupu ya WhatsApp ni ule ule: "Toa kitu kidogo," ama "Ukifika kortini kubali tu, ulipe, urudi keja." Yote mawili yanaweza kukuharibia. Hebu tuangalie sheria yenyewe.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinasema ukiendesha gari, au hata ukijaribu tu kuliendesha, ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti, faini ni hadi Sh100,000, au jela hadi miaka miwili, au vyote viwili. Ukipatikana na hatia, leseni nayo inaenda kwa miezi 12. Kama unaendesha teksi, matatu au boda, hapo kazi imeisha. Na ukiua mtu kwa kuendesha kwa njia ya hatari, sheria inataja hadi miaka 10.

Sasa rudia hayo maneno: "kushindwa kulidhibiti". Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni za Alcoblow za 2011 zilienda kinyume na Sheria ya Trafiki, kwa kuwa zilifanya kipimo cha pumzi pekee kuwa kosa. Usidhani hiyo ni ruhusa ya kulewa. Karao anaweza kueleza korti ulivyokuwa ukiyumba barabarani, na daktari aeleze hali yako. Lakini inamaanisha kesi kama hii ina mambo ya kubishaniwa, na ukikubali mashtaka, hakuna wa kukubishania. Hatia hiyo inaweza kukungoja siku utakayoenda kutafuta cheti cha maadili mema ili uombe kazi.

Kwa hivyo ukishikwa, tulia. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa kosa lako, kunyamaza na kuwasiliana na wakili. Unafaa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda umeishia wikendi. Ukilipa dhamana ya pesa kituoni, dai risiti na uitunze, maana pesa hizo hurudishwa ukihudhuria kesi hadi mwisho. Hongo nayo wachana nayo: Sheria ya Hongo ya 2016 inamshtaki mtoaji na mpokeaji.

Huna doo ya wakili? Ulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya wasiojiweza. Kuna pia Kituo cha Sheria, ambacho kimesaidia watu wa kipato cha chini tangu 1973. Ukiamua kulipa mtu, tafuta kwanza jina lake kwenye orodha ya mawakili ya LSK mtandaoni, kwa sababu si kila mwenye suti nje ya korti ni wakili. Na kabla ya kujibu mashtaka, mwambie hakimu unaomba muda uzungumze na wakili. Ni ombi la kawaida, usiogope.

Teksi kutoka Westlands hadi Roysambu saa nane usiku inauma mfuko, najua. Piga hesabu ya mwaka mzima bila leseni, kisha uiite.