Ushauri wa Wanachuo Uanzie Daftarini

Jumuiya ndogo za hisani, zile zinazolea mayatima, zinazowafunza wasioona, zinazopanda mikoko au kuwasimamia wajane waliodhulumiwa mirathi yao, aghalabu huwa na watu wengi wenye moyo wa kutenda na wachache mno wenye maarifa ya kuandika waliyoyatenda. Na kwa kuwa sheria haina kipimo cha moyo, bali ina kipimo cha hati na hesabu, jumuiya iliyowafaa watu wengi mtaani kwake yaweza kuonekana duni mbele ya msajili, huku nyingine, ambayo hata jirani yake hajui inafanya nini, ikionekana imara kwa sababu tu imempata mwandishi hodari. Sheria ya Tanzania ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019, inalitaka kila shirika litoe kila mwaka taarifa ya kazi zake pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Sharti hilo ni la insafu, maana fedha ya sadaka ni amana, na mwenye kushika amana hana budi kuulizwa. Walakini ni sharti zito kwa jumuiya ambayo mweka hazina wake ni mama anayeamkia mnadani kununua samaki, na katibu wake ni mwalimu mstaafu anayeandika kila jambo kwa mkono katika daftari moja.

Uzito huo umezidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hata ilipofika tarehe 1 Julai ya mwaka uo huo USAID, shirika lililokuwa mlango wa misaada hiyo, likaacha kabisa kazi ya kuigawa. Asasi inayopungukiwa na fedha huanza kumwacha karani wa hesabu, kwa kuwa muuguzi na mwalimu huonekana kuwa wa dharura kuliko yeye; na akishaondoka karani, taarifa hazikamiliki, na taarifa zisipokamilika hakuna mfadhili mpya atakayeisikiliza asasi hiyo. Washauri elekezi wa kulipwa wapo, na wengi wao ni mahiri, lakini ujira wao hauwezi kulipwa na jumuiya inayohesabu nauli. Basi ni nani aliyesalia, mwenye ilimu na asiyedai ujira mkubwa, ila kijana aliyeko chuoni?

Fikra ya kuwatumia wanachuo kuwa washauri si ngeni, wala si ya upande mmoja wa dunia. Katika mwaka 2007 Nat Ware, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sydney huko Australia, aliasisi 180 Degrees Consulting, ambayo leo ina matawi katika vyuo vya nchi nyingi, na utaratibu wake ni kuwakusanya wanachuo kwa vikosi vidogo, kuwaunganisha na asasi yenye tatizo maalumu, kisha kuwapa muhula mmoja wa kulichunguza na kutoa mapendekezo yao. Kabla yao kwa zaidi ya karne, mwaka 1884, kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walifungua Toynbee Hall mashariki ya London, ambako vijana wa Oxford na Cambridge walikwenda kukaa, nasema kukaa, na si kuzuru, miongoni mwa mafukara wa mji ule. Na katika nyumba hiyo walipita William Beveridge, ambaye taarifa yake ya mwaka 1942 iliweka msingi wa hifadhi ya jamii ya Uingereza, na Clement Attlee, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1945. Nasi hapa kwetu hatukuchelewa. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kilianzisha Kamati yake ya Msaada wa Kisheria mwaka 1967, ili mtu asiyeweza kumlipa wakili apate pa kuuliza. Na Moshi kumekuwako Chuo cha Ushirika tangu mwaka 1963, ambacho sasa ni chuo kikuu kamili, na ambacho muradi wake tangu mwanzo ulikuwa ni kuifikisha ilimu ya hesabu na uendeshaji kwa vyama vya wakulima.

Nimeitaja nyumba ile ya London kwa sababu maalumu. Ushauri wa wanachuo, kama unavyofanywa mahali pengi siku hizi, umeuchukua muhula na kuuacha ukaazi. Kijana huja na wenzake, huuliza maswali kwa juma moja au mawili, hurejea bwenini, na mwisho wa muhula huleta kitabu cha kurasa nyingi kilichopambwa kwa michoro, chenye mpango mkakati wa miaka mitano na mapendekezo yasiyo idadi, kikasomwa mbele ya kamati, kikapigiwa makofi, kikawekwa kabatini. Simlaumu kijana, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa: mifano aliyoisoma darasani ni ya makampuni makubwa ya ng'ambo, na kumwandikia mama wa kikundi cha mwani mpango wa namna ile ni kumshonea mtu kanzu kwa kipimo cha mtu mwingine. Jumuiya ndogo haikosi mpango. Wanachama wake wanajua vema wanataka kwenda wapi, na mara nyingi wamelijua hilo tangu kabla kijana hajazaliwa. Wanachokikosa ni daftari linaloweza kusomwa na mtu mwingine.

Na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Chukua jumuiya iliyopewa fedha na wafadhili watatu: mmoja kwa ajili ya kisima, wa pili kwa ajili ya sare za watoto, wa tatu kwa ajili ya semina. Fedha zote zimeingia katika akaunti moja ya benki, kwa kuwa ndiyo iliyopo. Kodi ya ofisi ikaiva, mwenye nyumba akabisha hodi, mweka hazina akatoa katika fedha ya kisima akinuia kuirudisha itakapoingia michango ya wanachama. Pengine aliirudisha, pengine aliirudisha nusu. Stakabadhi zimo katika bahasha, nyingine zimefifia wino, na nyingine hazikutolewa kabisa kwa sababu aliyeuza mchanga hana kitabu cha risiti. Hakuna aliyeiba. Lakini anapokuja mkaguzi, mtu aliyekopa kwa nia njema na mtu aliyeiba hufanana, kwa kuwa wote wawili hawana maandishi. Mwanachuo wa mwaka wa pili wa uhasibu anaweza kuliondoa balaa hilo kabla halijafika: awafungulie daftari la fedha lenye safu ya kila mfadhili peke yake, awafunze kuandika hati ya malipo hata kwa muuza mchanga asiye na risiti, akipokea saini yake au dole gumba, awaonyeshe namna ya kulinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, na aandike katika muhtasari wa kamati kwamba mkopo wa ndani hautolewi ila kwa idhini ya watu kadhaa waliotajwa. Kazi hiyo haina fahari, wala haipambiki kwa michoro, lakini mimi naiona kuwa ndiyo ushauri wenyewe.

Kadhalika mwanachuo wa sheria anaweza kuisoma katiba ya jumuiya pamoja na viongozi wake, kifungu kwa kifungu, kwani ziko jumuiya zenye katiba zilizonakiliwa kutoka kwa wengine, zinazotaja mabaraza yasiyokuwapo na uchaguzi usiowahi kufanyika. Mwanachuo wa kompyuta na alinde orodha ya wanachama isipotee simu ya katibu inapoibiwa.

Ipo mipaka isiyovukwa. Mwanachuo haidhinishi hesabu. Hiyo ni kazi ya mkaguzi aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na mwanachuo huandaa tu njia ya mkaguzi huyo kupita kwa sahali na kwa gharama ndogo. Wala hasimami mahakamani kama wakili. Kila anachokiandika sharti kipitiwe na mwalimu wake na kutiwa saini na mwalimu huyo, ili likitokea kosa awepo mtu mzima wa kuulizwa. Na ashike siri. Daftari la jumuiya ya wajane lina majina ya watu na shida zao, na kuyataja hayo bwenini, hata kwa nia ya kusimulia tu, ni khiyana.

Lugha nayo ni jambo la kufa na kupona. Kamati inayojadiliana kwa Kiswahili, ikiandikiwa ushauri kwa Kiingereza, haikupewa ushauri, imepewa mzigo wa kumtafuta mkalimani. Taarifa na iandikwe kwa Kiswahili kwanza, isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, wakosoe wanachotaka kukosoa, kisha mfadhili akitaka ya Kiingereza ifasiriwe kutoka hiyo. Najua vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza na kusahihisha kwa Kiingereza. Lakini msomi asiyeweza kumweleza mama yake mzazi maana ya bajeti hajaielewa bajeti.

Wako wanaopinga kwa kusema kwamba wanachuo hutafuta tu sifa za kuombea ajira. Na watafute, ajira ni haja ya halali, na hakuna ubaya kijana kunufaika kwa kheri aliyoitenda, maadamu kheri yenyewe imetendeka. Hoja yenye nguvu zaidi ni ile ya wale wanaohofu kwamba jumuiya itazoea kazi ya bure na kuacha kumwajiri karani. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kwamba mwanachuo asiishike kalamu yeye. Akae kando ya mweka hazina, mweka hazina aandike, akosee, afute, aandike tena. Jumuiya isiyomtoa mtu wa kukaa naye isipewe mwanachuo.

Wala hatuhitaji kubuni chombo kipya wala kuchangisha fedha mpya. Wanachuo wetu tayari hutumwa katika mafunzo kwa vitendo, na wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwa na fungu la mafunzo hayo; lakini wangapi kati yao huyamaliza majuma yale katika ofisi kubwa za mijini, wakipewa makaratasi ya kutoa nakala na kutumwa vitafunio, wakarejea na fomu iliyojazwa alama nzuri na bwana asiyeyajua majina yao? Nusu ya vijana hao wangetosha kabisa kuzifikia jumuiya za wilaya zao wenyewe, ambako wangelala kwao au kwa jamaa zao, wakaijua lugha ya mahali na watu wa mahali.

Na alama zao zisitolewe siku ya kusoma taarifa. Baada ya mwaka mmoja, mwalimu arudi pamoja na mwanachuo wake, na mweka hazina, si kijana, ndiye afungue daftari na kueleza kila fungu limeingia lini na limetoka kwa idhini ya nani. Majina ya jumuiya zenye haja wanayo maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, na kitakiwacho kwa wakuu wa vitivo ni kuwaomba orodha hiyo mapema, kabla wanachuo hawajaanza kuzunguka na barua zao za kutafuta nafasi.